Kipakatalishi Kinapoharibika Siku Chache Baada ya Dhamana Kwisha

Yapo malalamiko yanayomwuma mnunuzi kuliko mengine, na mojawapo ni lile la chombo kilichofanya kazi vyema katika muda wote wa dhamana, kisha kikazimika mara tu muda huo ulipopita. Kipakatalishi ni mfano ulio wazi. Bei yake ni kubwa, dhamana yake kwa kawaida ni ya miezi 12, na mwenyewe hutarajia kukitumia kwa miaka minne au mitano. Akirudi dukani, huambiwa kwamba dhamana imekwisha, basi. Wengi huondoka hapo hapo wakamtafute fundi. Katika somo hili tunaeleza kwa nini jibu hilo la dukani si mwisho wa maneno, na pia kwa nini si kila anayelalamika atakayelipwa.

Tuchukue mfano wa mnunuzi aliyenunua kipakatalishi kipya kwa Sh78,000 tarehe 6 Machi. Tarehe 19 Machi ya mwaka uliofuata, mashine ilikataa kuwaka. Haikuwa imeanguka wala kumwagikiwa maji. Afanyeje?

Kwanza ahakikishe kwamba mashine imekufa kweli. Achomoe chaja, abonyeze kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika bila kukiachilia, kisha ajaribu tena kwa chaja nyingine yenye volti zile zile. Ikiwa taa zinawaka na feni inasikika lakini kioo ni cheusi, aiunganishe mashine na televisheni au skrini ya nje. Huenda kilichoharibika ni kioo peke yake. Betri ikiwa imevimba, asiendelee kuichaji hata kidogo, kwa sababu inaweza kushika moto.

Pili, ahakikishe kwamba dhamana imekwisha kweli. Watengenezaji wengi wana ukurasa katika tovuti zao ambapo mteja huandika nambari ya utambulisho iliyobandikwa chini ya mashine, akaoneshwa siku ya mwisho ya dhamana. Siku hiyo aghalabu huhesabiwa tangu mashine ilipotoka kwa mtengenezaji, wala si tangu mteja alipolipa, na risiti ndiyo inayoweza kuirekebisha. Tena, dhamana ya duka na dhamana ya mtengenezaji ni vitu viwili. Baadhi ya mashine zinazotengenezwa kwa ajili ya maofisi hupewa na mtengenezaji dhamana ya miezi 36, ilhali duka limeandika miezi 12 katika risiti yake. Mashine iliyoletwa na jamaa kutoka Uingereza au Dubai ina shida ya namna nyingine: huenda dhamana yake inatambuliwa tu katika nchi iliponunuliwa. Haya yote huandikwa katika kile kijitabu kidogo ambacho wengi hukitupa pamoja na sanduku.

Tatu, akumbuke kama mashine ilikuwa imeanza kuonesha dalili. Hapa ndipo wengi wanapopoteza haki yao bila kujua. Ikiwa mwezi wa Januari mashine ilikuwa ikizimika yenyewe, na mnunuzi akamwandikia muuzaji ujumbe wa simu kumweleza, basi hitilafu ilijitokeza na kuripotiwa ndani ya dhamana, hata kama mashine ilikufa kabisa mwezi wa Machi. Ujumbe ule wa WhatsApp una uzito kuliko maneno mengi yatakayosemwa baadaye mbele ya kaunta. Aliyekwenda dukani kwa miguu akaambiwa “itumie kwanza tuone” hana cha kuonesha, na hilo tunaliona kuwa la kusikitisha, kwa maana yeye ndiye aliyejisumbua zaidi.

Nne, atazame kama hitilafu hiyo inajulikana kwa mashine za aina yake. Mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ilikiri kwamba baadhi ya vichakato vyake vya picha vilikuwa vikiharibika katika vipakatalishi kupita kiasi cha kawaida, na watengenezaji kama Dell na HP wakaongeza muda wa dhamana kwa mashine zilizohusika. Juni 2018, Apple ilitangaza kwamba itarekebisha bila malipo kibodi za baadhi ya MacBook kwa miaka minne tangu mashine iliponunuliwa mara ya kwanza. Mipango ya namna hii haitangazwi kwa kishindo, na muuzaji wa mtaani huenda asiijue. Mnunuzi atafute katika tovuti ya mtengenezaji kwa jina kamili la mashine yake.

Tuseme njia hizo zote zimefungwa. Inabaki sheria yenyewe, na hapa yafaa tuelewane vizuri. Dhamana iliyoandikwa katika risiti ni ahadi ambayo muuzaji au mtengenezaji ameitoa kwa hiari yake. Juu ya ahadi hiyo kuna wajibu ambao sheria imemwekea muuzaji, apende asipende. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro za bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi kwamba bidhaa aliyoiuza ina ubora wa kiasi unaoifanya ifae kuuzwa, na sharti lolote la mkataba linalojaribu kuufuta wajibu huo ni batili. Kwa sababu hiyo, bango la “bidhaa zikishauzwa hazirudishwi” tunaloliona ukutani katika maduka mengi haliwezi kuondoa kile ambacho sheria imekiweka.

Hata hivyo, wajibu huo hauna maana kwamba mashine haitaharibika kamwe. Swali ni kama kasoro ilikuwamo tangu siku ya kuuzwa, japokuwa ilijificha, na kama mashine ya bei ile ilipaswa kudumu zaidi ya hapo. Anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Soketi ya chaji iliyoachia kwenye bodi kuu kwa sababu haikulehemiwa sawasawa ni kasoro ya utengenezaji. Bodi iliyoungua umeme ulipopanda ghafla, au iliyopata kutu kwa chai iliyomwagika, si kosa la muuzaji. Bawaba za kioo ndizo huleta ubishi mwingi: muuzaji husema mteja alifungua kwa nguvu, mteja husema plastiki iliyoshikilia skrubu ilikuwa dhaifu. Mara nyingi picha ya mahali palipovunjika huonesha ukweli uko upande gani. Mashine iliyokwishatumika ng'ambo na kuuzwa hivyo kwa bei nafuu hupimwa kwa kipimo cha chini kidogo, lakini nayo haina ruhusa ya kufa baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo mnunuzi asikimbilie kumfungulisha fundi. Mashine ikishafunguliwa, muuzaji atasema fundi ndiye aliyeiharibu. Ampe muuzaji nafasi ya kuikagua kwanza, na ampe kwa maandishi. Barua haihitaji maneno makali:

“Tarehe 6 Machi mwaka jana nilinunua kwenu kipakatalishi chenye nambari ya utambulisho hii, kwa Sh78,000. Tarehe 19 Machi mwaka huu kilikataa kuwaka. Hakijaanguka, hakijaingia maji wala hakijafunguliwa. Ninaamini hitilafu hii inatokana na kasoro iliyokuwamo tangu kuuzwa. Naomba mkikague na kukitengeneza bila malipo, au mnieleze kwa maandishi sababu ya kukataa, katika muda wa siku 14. Nimeambatisha nakala ya risiti.”

Muuzaji akikataa au akinyamaza, ndipo apelekewe fundi huru aandike ripoti fupi: kilichoharibika ni nini, sababu yake ni ipi, na je, kuna dalili za maji, kuanguka au kuungua. Fundi apige picha kabla ya kugusa kitu. Kabla ya kumwachia mashine, mwenyewe aandike ukubwa wa diski na kumbukumbu zilizomo, kisha waweke sahihi wote wawili. Hatuwadhanii mafundi ubaya. Orodha hiyo inawalinda na wao pia.

Risiti nayo ina mambo yake. Karatasi nyingi za mashine za madukani hufifia, na baada ya mwaka mmoja huwa nyeupe kabisa. Ipigwe picha siku ile ile ya kununua. Aliyeipoteza anaweza kutumia ujumbe wa M-Pesa au taarifa ya benki kuonesha tarehe na kiasi, na duka lenye rekodi za kodi linaweza kuombwa nakala.

Akiwa na barua, ripoti na uthibitisho wa malipo, mnunuzi anaweza kuleta malalamiko kwetu. Huwa tunamwandikia muuzaji na kumtaka ajibu, na mara nyingine hilo pekee hutosha. Muuzaji anayemwambia mteja kwa uongo kwamba sheria haimpi haki yoyote baada ya dhamana anaweza kuwa amevunja Sheria ya Ushindani, inayokataza kupotosha watu kuhusu haki zao. Njia nyingine ni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi Sh1,000,000. Mdai anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipowasilishwa. Kwa kawaida dai la mkataba linaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka sita, ila ushahidi wa kipakatalishi hausubiri kiasi hicho.

Apime pia kama safari hiyo ina faida. Baada ya mwaka wa matumizi, anachoweza kupata aghalabu ni gharama ya matengenezo, si mashine mpya wala fedha zote. Soketi ya Sh3,000 haistahili siku tatu za kukaa mahakamani. Bodi kuu ya Sh35,000 inastahili. Aulize kwanza kama bodi inaweza kutengenezwa badala ya kubadilishwa yote, kwa kuwa tofauti ya bei huwa kubwa. Matengenezo yakikaribia nusu ya bei ya mashine mpya, wengi huona heri kununua nyingine, na dai dhidi ya muuzaji linaweza kuendelea hata hivyo mradi mashine ile haijatupwa.

Ikifika mahali pa kuiuza kwa wanunuzi wa vipuri, diski itolewe kwanza. Mashine isiyowaka bado ina picha, barua na nywila za mwenyewe ndani yake, na kwa mashine nyingi fundi anaweza kuitoa diski hiyo na kuitia katika kasha la nje ili data isomeke kwenye kompyuta nyingine.