Mtoto Mwenye Homa: Mtazame Kwanza, Kisha Toa Dawa

Ndugu mwuguzi, hapa Salamabila malaria ni nyingi, na kwa sababu hiyo hutudanganya. Mama anatoka upande wa machimbo ya Namoya, amebeba mtoto wa miezi 8 mwenye homa. Unachoma kidole, kipimo kinaonyesha malaria, unatoa dawa, unaita mwingine. Lakini kipimo kile kimejibu swali moja tu. Hakikukuambia kwamba hakuna ugonjwa mwingine. Mtoto aweza kuwa na malaria na kichomi pamoja, na kichomi kikamwua usiku ule ule.

Basi mtazame mtoto angali ametulia kifuani kwa mama yake. Akilia, hesabu imeharibika. Inua nguo, shika saa, hesabu pumzi zake dakika moja nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 ambaye hajatimiza 12, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kwa mwenye mwaka 1 ambaye hajatimiza 5, ni 40 au zaidi. Mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa apelekwe hospitali, hata kama pumzi zake ni nzuri. Tena tazama chini ya mbavu: je, pabonyea ndani anapovuta pumzi?

Pumzi za haraka si kichomi sikuzote, na hapa ndipo akili yako inapotakiwa. Fungua kiganja cha mtoto, ukilinganishe na cha mama. Kikiwa cheupe sana, malaria imekula damu yake, naye ahema kwa sababu hiyo. Dawa ya kichomi peke yake haitamponya. Apelekwe panapoweza kutiwa damu.

Usimwulize mama tu, “Ananyonya?” Atasema ndiyo, kwa adabu. Mwambie ampe ziwa mbele yako, uone. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea asiamke vema, huyo yumo hatarini. Akiwa na malaria, apewe artesunate ya sindano. Kama huwezi kuchoma, ile ya kutiwa njia ya haja kubwa kwa mtoto wa chini ya miaka 6, kisha asafirishwe mara moja. Njia ya kwenda Kasongo wakati wa mvua haina huruma, kwa hiyo usingoje jioni.

Huko Kasongo, miaka ya 1970, vituo vya afya vilijulikana mbali kwa sababu wauguzi ndio waliowapokea wagonjwa na kuwapima. Kazi hiyo yawezekana pasipo daktari karibu, mradi mambo yaandikwe. Andika idadi ya pumzi pamoja na saa uliyohesabu, ili mwenzako wa zamu ya usiku ajue kwamba zilikuwa 44 mchana, na sasa ni 60.