Malaria Base ya Kamina: Farmasi Ipime Kwanza

Homa ikimshika mtoto usiku Base ya Kamina, mzazi hukimbilia palipo karibu: farmasi ya mtaani, au kwa muuguzi anayetibia nyumbani kwake. Zoni ya Afya ya Baka, inayohudumia Base, ina vituo vyake, lakini farmasi huchelewa kufunga, haina foleni, na pengine hukopesha. Simlaumu mzazi huyo. Kongo ina takriban wagonjwa 12 kati ya kila 100 wa malaria duniani, nyuma ya Nigeria tu, na mzigo huo serikali haiubebi peke yake. Mradi wa ACTwatch ulipochunguza Kinshasa na Katanga mwaka 2015 ulikuta sehemu kubwa ya dawa za malaria inauzwa na watu binafsi, hasa maduka madogo ya dawa, na maduka mengi hayakuwa na kipimo.

Hapo ndipo penye tatizo. Homa ya malaria haina alama yake peke yake. Nimonia huanza vivyo hivyo, na homa ya matumbo pia. Kipimo cha haraka, TDR, hutaka tone la damu ya kidole na dakika 15 hadi 20 za kungoja. Muuza dawa asiye nacho akuelekeze palipo nacho kabla hajakuuzia kidonge. Ukiambiwa huna malaria, usidhani faranga zako zimepotea: sasa unajua utafute ugonjwa mwingine mapema. Ni kweli kwamba jibu hilo humkosesha muuzaji biashara ya siku, ndiyo maana wapo wanaotoa dawa hata hivyo, au wanaoongeza kipimo cha Widal ili mgonjwa asiondoke mikono mitupu. Widal moja haithibitishi homa ya matumbo. Kwetu hata watu wazima wenye afya wanaweza kuonekana "wanayo".

TDR za kawaida hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, ambayo hubaki damuni wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Aliyetibiwa juzijuzi na homa ikamrudia apimwe kwa darubini, yaani GE.

Malaria ya kawaida hutibiwa kwa vidonge vya dawa mseto kwa siku tatu. Artesunate-amodiaquine humezwa mara moja kwa siku. Artemether-lumefantrine humezwa mara mbili kwa siku, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta. Homa ikishuka mapema, maliza boksi. Wengi wetu tunaamini sindano na serumu kuliko kidonge, na wauguzi binafsi wanalijua hilo vizuri mno! Sindano ya artesunate ni ya malaria kali, na hata hapo hufuatwa na dozi kamili ya dawa mseto. Dozi nusunusu huvizoesha vimelea. Rwanda, Uganda na Tanzania zimekwisha kuthibitisha vimelea vilivyoanza kustahimili artemisinini.

Mgonjwa akipata degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila anachopewa, akilala asiamshike, akipumua kwa taabu, viganja vikiwa vyeupe au mkojo mweusi, muuguzi mwaminifu hamlazi kwake. Anaandika karatasi ya rufaa, na mgonjwa anaondoka saa hiyo hiyo kwenda hospitali. Mtoto wa chini ya miaka 6 huwekewa artesunate ya njia ya haja kubwa kabla ya safari, kama ipo. Nao wageni waliokulia nyanda za juu za Kivu, wakiwamo wanajeshi na familia zao, hawana kinga ya mtu mzima wa hapa. Homa yao isingoje kesho.

Lipo pia suala la daftari. Mgonjwa aliyetibiwa farmasi bila kuandikwa hayumo katika hesabu ya mwezi ya zoni, na dawa na TDR huagizwa kwa kufuata hesabu hiyo. Taarifa ikichelewa, ugonjwa hauonekani mapema: Panzi, mkoani Kwango, wagonjwa walianza kuonekana Oktoba 2024. Tahadhari ikafika ngazi ya taifa mwishoni mwa Novemba. Desemba ikajulikana kwamba malaria kali ilikuwa na sehemu kubwa katika ugonjwa uliokuwa ukiitwa usiojulikana. Kituo kisicho cha serikali kuwa ndani ya mfumo si jambo geni mkoani kwetu Haut-Lomami: Songa kuna hospitali ya Waadventista, na makanisa mengine yanatibu pia.

Mvua za Haut-Lomami huanza Oktoba. Mwenye farmasi, nenda ofisi kuu ya zoni kabla ya hapo, ujiandikishe, uulize mafunzo ya TDR, na kila mwisho wa mwezi upeleke hesabu tatu: waliopimwa, waliokutwa na malaria, waliopewa dawa. Nawe mgonjwa, usitoke dukani bila jibu la kipimo kuandikwa kwenye karatasi yako.