Walimwongoza, Akawaandika: Maswali na Majibu Kuhusu Anne Wiazemsky

Wapenzi wa filamu za zamani wanamjua kama msichana mwenye uso mtulivu katika kazi za Bresson, Godard na Pasolini. Wasomaji wa riwaya wanamjua kama mtunzi wa shirika la uchapishaji la Gallimard, mshindi wa tuzo kubwa ya Akademia ya Ufaransa. Wengi hawajui kwamba ni mtu yuleyule. Mwalimu mmoja wa fasihi ya Kifaransa amekubali kutujibu.

Mwalimu, tuanze na jina. Wiazemsky halisikiki kuwa la Kifaransa.

Ni la Kirusi. Baba yake, Yvan Wiazemsky, alitoka katika ukoo wa wanamfalme wa Urusi waliopokonywa kila kitu na mapinduzi ya 1917 wakakimbilia Ufaransa. Mama yake, Claire, alikuwa binti wa François Mauriac, mwandishi aliyepewa Nobeli ya fasihi mwaka 1952. Wawili hao walikutana Berlin vita vilipokwisha, Claire akiwa na Msalaba Mwekundu wa Ufaransa. Ndiyo sababu Anne alizaliwa huko, tarehe 14 Mei 1947, katika jiji ambalo bado lilikuwa vifusi. Baba akaingia kazi ya ubalozi, na familia ikawa ya kuhamahama: leo Geneva, kesho Caracas. Mwaka 1962 baba akafariki, Anne akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Tangu hapo Mauriac hakuwa babu tu, bali ndiye mlezi na mwenye sauti ya mwisho.

Kuwa na babu mwenye Nobeli kulimsaidia, au kulimwekea kivuli?

Yote mawili, ila mimi nauona zaidi upande wa kivuli. Mjomba wake Claude Mauriac naye alikuwa mwandishi na mhakiki wa filamu. Katika nyumba ya namna hiyo, ukitamka tu kwamba unataka kuandika, tayari umeshapimwa. Kwangu mimi haishangazi kwamba alipitia mlango mwingine kwanza, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini.

Mlango huo wa filamu aliuingiaje?

Aliingizwa na Florence Delay, aliyeigiza Joan wa Arc katika filamu ya Robert Bresson ya 1962. (Delay naye baadaye akawa mtunzi wa riwaya, akachaguliwa kuingia Akademia ya Ufaransa mwaka 2000. Sijui Bresson alikuwa na mkono gani, lakini wasichana wake wawili walimalizia kwenye kalamu.) Delay alimtambulisha Anne kwa Bresson, naye alikuwa akitafuta msichana wa kumwigiza Marie katika *Au hasard Balthazar*.

Bresson hakutaka waigizaji waliosomea kazi hiyo. Aliwachukua watu ambao hawakuwahi kusimama mbele ya kamera, akawarudisha kwenye sentensi ileile mara nyingi mno, mpaka madoido yote ya sauti yaishe na maneno yatoke makavu. Usilie, usicheke, usitie huzuni, sema tu. Mhusika mkuu wa filamu yenyewe ni punda, Balthazar, anayepita mkono kwa mkono kutoka mmiliki mmoja hadi mwingine. Sisi husema asante ya punda ni mateke, lakini humo wanaopiga mateke ni binadamu. Ilipigwa majira ya joto ya 1965, sehemu kubwa huko Guyancourt, nje kidogo ya Paris. Anne alikuwa na miaka 18.

Tunasikia kitabu chake cha 2007 kilifichua mengi kuhusu upigaji wa filamu hiyo.

*Jeune fille*. Hicho ndicho kitabu ninachompa mtu anayedhani huyu mama alikuwa mke wa Godard na basi.

Anasimulia miezi ile ya 1965. Bresson, mtu mzima aliyemzidi kwa miongo kadhaa, anamtaka akae nyumba moja naye, mbali na wenzake wa kazi. Hapendi azungumze na mafundi. Wakitembea jioni anamshika mkono, anajaribu kumbusu, msichana anakwepa bila kujua akwepe vipi pasipo kuipoteza kazi na heshima ya mtu anayemstahi mno. Halafu msichana anafanya uamuzi wake mwenyewe: anaanza uhusiano na kijana mmojawapo wa kikosi, nje ya macho ya bwana mkubwa, na tangu hapo anapata nguvu ya kusema hapana.

Angeweza kuandika mashtaka. Angeweza pia kuandika sifa tupu, maana mwongozaji alikwisha kufa mwaka 1999 na jina lake ni kubwa mno Ufaransa. Hakuandika hata kimoja kati ya hivyo. Anaonyesha mzee anavyomsumbua na papo hapo anavyomfundisha kutazama: mwanga, mkono, sauti ya mlango. Kila kitu kimo katika ukurasa mmoja, na msomaji ndiye anayebaki na kazi ya kupima. Wapo waliosema amemlainisha mno Bresson. Mimi nasema someni tena yale matembezi ya jioni. Hakuna neno kali hata moja, na hakuna anayebaki na shaka kuhusu kilichokuwa kikitendeka.

Na Godard?

Hapo msichana ndiye aliyeanza. Godard alikuwa amekwenda kumwona kule kwenye upigaji wa *Balthazar*, na msichana hakumjali. Mwaka uliofuata akaiona filamu ya Godard, *Masculin féminin*, akamwandikia barua kupitia jarida la *Cahiers du cinéma*, kumwambia kwamba ameipenda filamu yake kwa sababu anampenda aliyeitengeneza. Nani leo angethubutu? Godard alikuwa na miaka 35, maarufu duniani, ametalikiana na mwigizaji Anna Karina. Alimtafuta mara moja.

Wakati huo mtu wa chini ya miaka 21 Ufaransa alihesabika bado mtoto kisheria. Kwa hiyo yule mwongozaji aliyezoea kuvunja kila kanuni ya filamu akalazimika kwenda kwa Mauriac kuposa, kama kijana yeyote mwenye adabu. Kisa hicho kimo katika *Une année studieuse*, riwaya ya 2012, na kinachekesha kweli. Walioana Uswisi Julai 1967.

Filamu yao ya kwanza ni *La Chinoise*?

Ndiyo, ya 1967, nayo ilipigwa katika nyumba waliyokuwa wakiishi. Vijana watano wanajifungia humo kiangazi kizima, wanasoma Mao, wanapanga mapinduzi. Anne ni Véronique, mwanafunzi wa falsafa wa Nanterre. Na yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa falsafa wa Nanterre.

Tazameni kile kipande cha kwenye treni. Véronique amekaa dirishani, mbele yake amekaa Francis Jeanson. Huyu si mwigizaji. Ni mwanafalsafa aliyemsaidia Anne katika masomo yake, na wakati wa vita vya Algeria ndiye aliyeongoza mtandao wa Wafaransa waliowasaidia kwa siri wapigania uhuru wa FLN. Msichana anamwambia atalipua bomu chuo kikuu ili kifungwe. Jeanson, aliyejua gharama ya vita vya kweli, anamuuliza kwa upole: nyuma yako wako wangapi? Sasa angalieni uso wa Anne. Kuna kusita kidogo kabla ya kila jibu, kwa sababu Godard alikuwa akimtumia maneno kupitia kifaa kidogo sikioni. Kwa hiyo humo treni Jeanson anasema yake, na msichana wa miaka 19 anasema ya mumewe mtarajiwa.

Mimi nikikitazama kipande hicho naiona kazi yake yote ya baadaye. Bresson alimwondolea namna yake ya kusema, Godard akamtia maneno sikioni. Riwaya zilikuwa zamu yake.

Mei 1968 ilipofika?

Walikuwa wakiishi Paris katikati ya maandamano ya wanafunzi na wafanyakazi. Godard alikuwa miongoni mwa waliolifanya tamasha la filamu la Cannes la mwaka ule livunjike, akazidi kuzama katika siasa, akaitupa filamu ya kawaida, akaunda na Jean-Pierre Gorin kundi la filamu za kisiasa la Dziga Vertov. Babu, kwa upande wake, alikuwa mfuasi mkubwa wa Jenerali de Gaulle, rais wa wakati huo. Fikirieni chakula cha Jumapili! Katika *Un an après*, ya 2015, Anne anaandika jinsi mapenzi yalivyokwisha huku kila mtu akizungumzia ukombozi wa watu wote. Kuna wivu, kuna mikutano isiyo na mwisho, kuna mwanamke kijana anayetaka kwenda kufanya kazi kwingine na mume asiyetaka aende. Walitengana mwanzoni mwa miaka ya sabini. Talaka ikatoka 1979.

Kwingine huko ndiko kwa Pasolini?

Ndiko. *Teorema*, 1968: yeye ni Odetta, binti wa tajiri wa Milan anayeganda kama jiwe mgeni wa nyumba anapoondoka. Kisha *Porcile* mwaka uliofuata, na kazi na mwongozaji Marco Ferreri. Nadhani Italia ilimpa pumzi, lakini yeye mwenyewe aliandika kidogo tu juu yake, nasi tusonge.

Kwa nini basi aliacha kuigiza?

Hakuna siku aliyoacha. Aliongozwa na Philippe Garrel katika *L'Enfant secret*, akafanya jukwaa, akapata nafasi ndogo katika *Rendez-vous* ya André Téchiné mwaka 1985. Nafasi zikawa chache, kama zinavyokuwa kwa waigizaji wa kike wakikaribia arobaini, Paris au kwingineko. Mwaka 1988 Gallimard wakatoa mkusanyiko wake wa hadithi fupi, *Des filles bien élevées*. Alikuwa ameshafika miaka arobaini. Na filamu haikumtoka: mwaka 1994 aliandika pamoja na Claire Denis hadithi ya filamu ya *US Go Home*, na baadaye akatengeneza filamu za hali halisi, mojawapo juu ya Mag Bodard, mama aliyegharimia *Balthazar*.

Wakosoaji hawakumwona mwigizaji anayejaribu bahati?

Kwa muda mfupi, labda. Mwaka 1993 *Canines*, kisa cha watu wa jukwaani, kilipata Goncourt ya wanafunzi wa sekondari, tuzo ambayo mimi naiamini kuliko ile ya wazee, kwa sababu wale vijana huvisoma vitabu vyote. Mwaka 1998 *Une poignée de gens* ikapata tuzo kuu ya riwaya ya Akademia ya Ufaransa. Tuzo hiyohiyo Mauriac aliipata 1926.

Na tazameni aliipata kwa kitabu gani: si cha upande wa babu, ni cha upande wa baba. Ni habari ya shamba kubwa la ukoo wa Kirusi mwaka 1917, watu wanaochuma matunda na kupiga piano huku wafanyakazi wao wakizidi kununa, na mwenye shamba anayeandika kila siku katika shajara mambo ya mvua, mavuno na vitisho kwa mkono uleule. Ametumia utulivu aliofundishwa na Bresson: hakuna kupaza sauti, hata damu inapomwagika.

Vitabu hivi ni riwaya au ni kumbukumbu za maisha? Majina ni ya kweli.

Kwenye jalada la *Jeune fille* na la *Une année studieuse* wameandika riwaya, na mimi naliheshimu jalada. Mazungumzo ya 1965 yaliyoandikwa 2007 hayawezi kuwa neno kwa neno. Akiandika ya mama yake katika *Mon enfant de Berlin* alikuwa na barua na shajara mkononi. Akiandika yake, amepanga, amekata, amechagua lini msichana ajue jambo na lini asijue. Anayetaka ushahidi wa mahakamani atafute kwingine. Kosa kubwa zaidi ni la wanaovisoma ili kumpata Godard tu, wakaruka kurasa asizokuwamo.

Filamu iliyotokana na *Un an après* ilimpendeza?

*Le Redoutable* ya Michel Hazanavicius. Kwanza alikuwa hataki kuuza haki za kitabu. Hazanavicius akamwambia ni hasara, kwa sababu amekiona kinachekesha. Hapo akakubali, maana hakuna mwingine aliyekuwa amekiona kichekesho chake. Stacy Martin alimwigiza yeye, na Godard akaigizwa na Louis Garrel, mtoto wa yule Philippe aliyewahi kumwongoza. Ilionyeshwa Cannes Mei 2017. Nami nakubaliana na Hazanavicius kuhusu kichekesho, ingawa filamu yake inamcheka mume na inamsahau mke; kitabu kinawacheka wote wawili.

Mwaka huohuo Anne alitoa *Un saint homme*, kitabu chembamba kuhusu padri aliyemfundisha Kifaransa Caracas na kumtia moyo aandike. Anne alifariki Paris tarehe 5 Oktoba 2017, kwa saratani.

Msomaji wetu aanze na kipi?

Wa Bukavu, Bujumbura au Kigali anayesoma Kifaransa aanze na *Jeune fille*. Matoleo ya bei nafuu ya Folio yapo, na lugha yake ni nyepesi, sentensi fupi, hata kwa anayejifunza. Akipenda, aende *Une poignée de gens*. Anayesoma Kiingereza atafute tafsiri ya *Mon enfant de Berlin*. *Canines* ningeiweka mwisho. Ilipata tuzo, lakini pale ndipo mahali pekee ninapomwona akijitahidi mno.