Kufundisha Jinsi Kompyuta Inavyoitafuta Seva ya Uthibitishaji

Mwalimu awaingizapo wanafunzi katika chumba cha kompyuta, jambo la kwanza wanaloliona kwenye kioo ni nafasi mbili za kujaza: jina na neno la siri. Wengi huamini kwamba kompyuta iliyo mezani ndiyo inayowatambua. Katika mtandao wa chuo au ofisi kubwa, aghalabu sivyo. Daftari la watumiaji liko katika kompyuta nyingine, iitwayo seva ya uthibitishaji, ambayo huenda imewekwa katika jengo jingine au hata mji mwingine. Hapo ndipo lizukapo swali linalostahili kipindi kizima: kompyuta ya mezani huijuaje seva hiyo iliko?

Makala haya yanaeleza kwanza kiini cha somo, kisha njia ya kulifundisha katika madarasa ya juu ya shule ya msingi bila kuhitaji hata kompyuta moja.

Shabaha

Mwishoni mwa kipindi mwanafunzi aweze: (a) kueleza kwamba kompyuta huuliza iliko seva, (b) kutofautisha kuipata seva na kuiamini.

Kiini cha somo

Tuchukue mfano wa Kerberos, utaratibu wa uthibitishaji uliobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, chini ya mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983. Jina lake latokana na mbwa wa vichwa vitatu aliyelinda lango la kuzimu katika hekaya za Kiyunani. Mfumo wa Active Directory wa kampuni ya Microsoft, uliotoka pamoja na Windows 2000, nao hutumia utaratibu huu.

Njia mojawapo ni kuandika anwani za seva kwa mkono ndani ya kila kompyuta. Ubaya wake ni kwamba seva ikibadilishwa, fundi hana budi kuzipitia kompyuta zote. Njia bora ni kuuliza. Kompyuta hujua mambo mawili tu: jina la kikoa chake, yaani eneo la mtandao ilimosajiliwa, na anwani ya seva ya majina, ambayo hupewa inapojiunga na mtandao. Huiuliza seva ya majina: “Ni nani atoaye huduma ya Kerberos katika kikoa hiki?”

Jibu huja kwa rekodi ziitwazo SRV, ambazo muundo wake ulitangazwa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2000. Kila rekodi hutaja jina la seva, namba ya mlango (kwa Kerberos ni 88), kipaumbele na uzito. Seva yenye namba ndogo ya kipaumbele hujaribiwa kwanza. Zikilingana, uzito hugawanya kazi: yenye uzito wa 60 huchaguliwa takriban mara 3 zaidi ya yenye uzito wa 20. 

Katika Windows kuna hatua ya ziada. Kompyuta huzipelekea seva salamu fupi na kungoja itakayoitika. Seva inayojibu huitazama anwani ya muulizaji na kumweleza yuko katika kituo gani. Iwapo ipo seva iliyo karibu zaidi, kompyuta huuliza upya na kuiendea hiyo. Kisha huikumbuka, isipate taabu ya kutafuta kila mara.

Kuipata si kuiamini

Je, mdanganyifu akijibu badala ya seva ya kweli? Kerberos haitegemei anwani peke yake. Neno la siri halipitishwi mtandaoni. Hutumika kutengeneza ufunguo unaojulikana na pande mbili tu. Jibu la seva hufungwa kwa ufunguo huo. Asiye nao hawezi kutunga jibu litakalofunguka.

Hatua za kufundisha

Hatua ya 1. Chagua mwanafunzi mmoja awe karani wa majina, na wanne wawe seva. Watatu ni wa kweli. Wa nne ni mdanganyifu. Waliosalia ni kompyuta. Kila kompyuta iwe na namba yake ya siri, ambayo seva za kweli zimeandikiwa.

Hatua ya 2. Kompyuta imwendee karani na kuuliza. Karani asome kadi zake: jina la seva na kipaumbele. Kompyuta ianze na kipaumbele kidogo.

Hatua ya 3. Mtoe nje seva wa kwanza. Waache wanafunzi wagundue wenyewe kwamba wa pili katika orodha ndiye wa kuendewa.

Hatua ya 4. Seva aandike neno TIKETI kwa kusogeza kila herufi mbele kwa namba ya siri ya kompyuta. Ikiwa namba ni 3, ataandika WLNHWL, na kompyuta ikirudi nyuma herufi 3 italisoma neno barabara. Sasa karani apewe kadi ya uongo yenye jina la mdanganyifu. Akibahatisha namba 2, ataandika VKMGVK, na kompyuta itasoma SHJDSH. Darasa litajionea kwamba karani aweza kudanganywa, lakini siri haidanganyiki.

Tahadhari kwa mwalimu

Siku moja utakuta kompyuta zinafungua kurasa za intaneti vizuri, lakini zinakataa kuwapokea wanafunzi wapya. Usiharakishe kumlaumu mtoto kuwa amesahau neno la siri. Huenda kompyuta imeelekezwa kwa seva ya majina ya nje, isiyokijua kikoa chenu. Dalili nyingine hupotosha: Windows huweza kumpokea mtu aliyeingia hapo awali kwa kumbukumbu yake yenyewe, hata bila kuipata seva. Kwa hiyo wa jana akaingia, mgeni akakataliwa. Angalia pia saa: kwa kawaida Kerberos hukataa tofauti inayozidi dakika 5.

Mtoto aliyefukuzwa mlangoni kwa kosa lisilo lake hujifunza kwamba mashine ina chuki naye. Mwalimu anayeijua njia ya swali, kutoka kompyuta hadi karani na kutoka karani hadi seva, ataitafuta hitilafu mahali pake.

Zoezi

1. Kwa nini ni bora karani awe na kadi za seva zaidi ya moja?
2. Tunga mchezo mwingine utakaoonyesha kazi ya uzito.