Nafaka na Mifugo: Funzo la Denmark

Wapo watu wadhanio kwamba nchi inunuayo nafaka kutoka ng'ambo ni lazima iwe nchi yenye njaa. Pengine huwa kweli, lakini si sikuzote. Habari za Denmark, nchi ndogo iliyoko kaskazini ya Ulaya, zatufundisha jambo hili.

Zamani wakulima wa Denmark walikuwa wakiuza ngano na shayiri yao Uingereza. Lakini katika miaka ya 1870 nafaka ya Marekani ilianza kumiminika Ulaya kwa reli na merikebu za moshi, na bei ikaanguka. Mkulima aliyetegemea gunia la nafaka peke yake akaona hasara.

Basi walifanya nini? Walianza kuwalisha wanyama wao ile nafaka. Ng'ombe ambao zamani walikonda na kukaukiwa maziwa wakati wa baridi, sasa walishibishwa zizini na kukamuliwa hata miezi hiyo. Mwaka 1882 wakulima wa Hjedding waliunda chama cha ushirika cha kutengeneza siagi, wakitumia mashine ya kutenga malai. Maziwa yaliyobaki yalirudishwa nyumbani kuwanenepesha nguruwe. Mwaka 1887 kiwanda cha kwanza cha ushirika cha nyama ya nguruwe kilifunguliwa Horsens. Siagi na nyama zikapata soko kubwa Uingereza.

Tazameni jinsi biashara ilivyogeuka. Kadiri kila mnyama alivyozidi kutoa, ndivyo mifugo ilivyohitaji chakula kingi kuliko mashamba ya nchi yalivyoweza kuwapa. Nchi iliyokuwa ikiuza nafaka ikawa mnunuzi wa nafaka na mashudu. Wala haikuwa hasara: walinunua kitu rahisi, wakauza kitu cha thamani.

Lakini njia hii ina hatari yake. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, njia za bahari zilifungwa na chakula cha mifugo kikakatika. Ikawapasa kuamua: nafaka iliyobaki ni ya watu au ya nguruwe? Nguruwe wengi mno wakachinjwa, ili watu wapate mkate.

Kwa hiyo, atakaye kustawisha mifugo na ahesabu mambo mawili: mnyama wake hutoa nini kwa kila debe la chakula, na debe hilo hutoka wapi.