Elimu ya Mimea: Jinsi ya Kumtafuta Adui wa Migomba

Mwanafunzi asomaye maarifa ya viumbe hapa Bujumbura, au mwenzetu aliyekwisha kumaliza shule na sasa afanya kazi ya kilimo mikoani, leo aweza kufungua kwa simu yake maghala ya elimu ambayo zamani yalikuwa ya maprofesa wa mbali tu. Mengi hayatozi hata faranga moja. Lakini aingiaye ghalani bila swali hutoka na vumbi. Basi katika somo hili tuchukue swali moja, nalo ni la nyumbani: ni kitu gani kinachonyausha migomba yetu?

Kila msomaji wa gazeti hili ameona mikungu ikishushwa katika soko la Ruvumera, na wengi wetu twajua shamba ambalo hutoa chakula, urwarwa na karo ya shule pia. Mwaka 2010 ugonjwa wa mnyauko uletwao na bakteria ulionekana Burundi. Ulikuwa umekwisha kuandikwa Ethiopia mwaka 1968, katika ensete, mmea ulio jamaa ya mgomba, na mwaka 2001 ulionekana Uganda. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na shina likikatwa hutoka usaha wa manjano. Lakini uko ugonjwa mwingine, wa kuvu iitwayo fusariamu, ambao nao hunyausha majani. Huo hautoi usaha. Huacha michirizi ya kahawia ndani ya shina. Akoseaye jina hukosea na tiba. Bakteria hupita kwa panga lisilosafishwa na kwa wadudu wanaozuru ua la kiume, na kuvu hukaa udongoni miaka mingi. Jamaa nzima yaweza kung'oa shamba, au kuliacha lioze, kwa sababu ya jina tu.

Mlango wa kwanza ni PubMed, uliofunguliwa Marekani mwaka 1996. Humo mna muhtasari wa mamilioni ya makala. Ndugu yake, PubMed Central, tangu mwaka 2000 hutoa makala nzima bure. Muhtasari ni mwepesi, hauli data nyingi. Makala nzima yafaa ipakuliwe na mmoja kisha wenzake wagawane. Usiandike «bananier» wala «igitoke». Andika Musa, jina la Kilatini, maana hilo latumika na wataalamu wa nchi zote. Na ukikutana na DNA usidhani ni kitu kigeni: ndiyo ile ADN ya masomo yetu ya Kifaransa.

Hapa pana mtego mmoja. Bakteria wa mnyauko kwa miaka mingi aliitwa Xanthomonas campestris. Mwaka 2020 wataalamu walimhamishia katika Xanthomonas vasicola. Neno musacearum, lionyeshalo kwamba ni wa migomba, lilibaki pale pale. Atafutaye kwa jina jipya peke yake atakosa makala nyingi za zamani, na hizo ndizo zenye habari za mashambani. Tafuta kwa yote mawili.

Kwa nini alihamishwa? Hili waweza kujionea mwenyewe, nami naona ndilo zoezi bora kuliko yote. Liko ghala liitwalo GenBank, lililoanzishwa mwaka 1982, ambalo hubadilishana habari kila siku na maghala ya Ulaya na Japani. Limehifadhi urithi wa viumbe kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Tafuta humo jeni iitwayo gyrB ya bakteria wetu, unakili herufi zake, kisha uzitie katika chombo kiitwacho BLAST, kilichotungwa mwaka 1990. Chombo hicho hulinganisha herufi zako na zote zilizomo ghalani. Utaona kwamba walio karibu naye kabisa ni bakteria wa mahindi, mtama na miwa. Wale campestris waozeshao kabichi, ambao aliwekwa pamoja nao kwanza, wako mbali zaidi.

Soma matokeo polepole. Asilimia yaonyesha herufi ngapi zafanana. Namba iitwayo E, kadiri ilivyo ndogo, ndivyo ilivyo vigumu kusema kwamba mfanano huo ni wa bahati. Lakini kufanana si kuthibitisha. BLAST haikuambii kwamba bakteria fulani ndiye aliyeua mgomba wa babu yako. Kwa hilo yatakiwa sampuli, maabara na mtu aliyekwenda shambani.

Mgomba wenyewe nao umeandikwa. Mwaka 2012 watafiti walitangaza jenomu ya Musa acuminata, yenye kromosomu 11 na jeni zaidi ya 36,000. Yasomwa bure katika tovuti ya Banana Genome Hub. Ndizi zetu za milimani, hata hivyo, zina seti tatu za kromosomu, hazizai mbegu kwa urahisi, nasi huzipanda kwa machipukizi. Kila chipukizi ni mamaye yule yule, ndiyo maana ugonjwa ukimweza mmoja huwaweza wote.

Wenzetu walioko vyuoni au ISABU wasiache kuuliza juu ya AGORA, iliyoanzishwa na FAO mwaka 2003. Hiyo hufungua majarida ya kulipiwa kwa nchi kama yetu, ila taasisi ndiyo huandikishwa, si mtu mmoja mmoja. Mwulize mtunza maktaba.

Mwenye simu peke yake na aanze na MGIS, daftari la aina za migomba zilizohifadhiwa duniani, ikiwamo hazina kubwa ya Leuven, Ubelgiji, iliyoanza mwaka 1985. Andika humo Igitsiri, kwa tahajia ile ile ya Kirundi, uone inavyokuja na namba yake. Kisha jaribu jina la ndizi ya kijijini kwenu.