SOMO: RAFIKI WA KAZINI

Wengi wetu hukaa na wenzetu wa kazini saa nyingi kuliko tunazokaa na jamaa zetu. Je, urafiki wa kazini una faida, au ni kupoteza wakati, kama wasimamizi wengine wanavyodhani?

Tutazame wachimbaji wa makaa ya mawe katika Uingereza. Mwaka 1951 Eric Trist na Ken Bamforth walitoa taarifa ya uchunguzi wao juu ya watu hao. Bamforth mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mchimbaji.

Zamani watu walichimba katika vikundi vidogo, pengine wawili tu na msaidizi wao. Walichaguana wenyewe, kwa kuwa huko gizani chini ya ardhi uhai wa mtu umo mikononi mwa mwenzake. Urafiki huo ulidumu miaka mingi. Mmoja akiumia au akifa, haikuwa ajabu mwenzake kuitunza familia yake.

Kisha zikaja mashine. Watu kama 40 wakagawanywa katika zamu tatu, kila zamu na kazi yake, na vikundi vya zamani vikavunjika. Zamu moja ikailaumu nyingine kwa kazi iliyoachwa vibaya. Kila mtu akajitafutia lake, na utoro ukawa njia ya kupumzika. Mashine zilikuwa na nguvu, lakini mazao hayakufikia yaliyotazamiwa.

Lakini katika mgodi mmoja wa Yorkshire, kwenye tabaka la makaa liitwalo Haighmoor, wachimbaji walijipanga tena katika vikundi vya kusaidiana, na mashine zikiwapo. Huko Trist aliona utoro mdogo, ajali chache na mazao mengi.

Tunajifunza nini?

Kwanza, urafiki humtia mtu nguvu. Haoni vyepesi kukosa kazi akijua kwamba mzigo wake utamwangukia rafiki yake. Akiwa na huzuni, yupo wa kumwuliza, "Mwenzangu, una nini leo?"

Pili, mwajiri anayewahamisha watu huku na huku bila kuwauliza huenda akapoteza kitu kisichoandikwa katika vitabu vyake vya hesabu. Lakini asidhani kwamba urafiki ni badala ya mshahara wa haki. Watu wanaopendana nao wana watoto wa kulisha.

Tatu, urafiki si kufichana maovu. Anayekutilia sahihi katika kitabu cha mahudhurio nawe umelala nyumbani anakuzoeza wizi. Tena kundi la marafiki laweza kumwacha mgeni akila peke yake kila siku adhuhuri. Huyo naye ni mwenzetu.

Tumkumbuke Paulo, aliyekaa Korintho kwa Akila na Prisila kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja, kushona mahema. Baadaye wale wawili walihatarisha maisha yao kwa ajili yake.

Maswali ya kuzungumza pamoja:

1. Ni nani kazini kwako asiye na mtu wa kuzungumza naye? Utafanya nini juma hili?
2. Rafiki yako akiiba mali ya kazini, utamwambia nini, na lini?
3. Ikiwa wewe ni msimamizi, watu wako hupata nafasi gani ya kusaidiana?